Kutoka Mpunguzi hadi gati la Msasani: siku tano na mama yangu kando ya bahari

Tumerudi Dodoma wiki mbili zilizopita. Haya nimeyapanga kutoka kwenye picha za simu na kijidaftari changu cha matumizi. Wengi wenu mmeniuliza kuhusu ile picha ya mama amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya tope, boti zimelala ubavu pande zote. Nitaieleza ikifika siku yake.

Mama ana miaka 71. Maisha yake yote amelima uwele na zabibu Mpunguzi, barabara ya Iringa, na bahari alikuwa hajaiona kwa macho. Mwaka huu zabibu zilipovunwa na bei ikaridhisha, nikamwambia, mama, tunakwenda. Hoteli aliikataa papo hapo, hawezi kulala siku nne mahali asipopika. Basi nikatafuta apatimenti yenye jiko. Niliyoipata kwa bei ya kuvumilika ilikuwa rasi ya Msasani, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ghuba wanakofunga boti za matanga, boti za uvuvi na zile zinazopeleka watu visiwani. Vyumba viwili, 160,000 kwa usiku, usiku nne 640,000. Ni hela nyingi kwangu, nilianza kuiweka pembeni tangu Januari.

Tarehe nilizipanga kwa kufuata ruhusa ya kazini na ya shule ya mwanangu wa miaka 9. Mwezi wa angani sikuutazama hata kidogo. Ninyi msiige.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Treni ya SGR, reli ya kisasa, daraja la kawaida: 31,000 kwa mtu mzima, mtoto nusu yake. Sisi watatu, 77,500. Mama alibeba boksi la zabibu, mfuko wa unga wa uwele na mlenda mkavu, na alitaka kubeba na kisu chake cha jikoni. Kisu nilikitoa nyumbani kabla hatujafunga begi, maana mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Fikeni mapema, na mzee wenu asisahau kitambulisho chake.

Mama alikaa dirishani. Hadi Gulwe alikuwa anataja miti na udongo kama anayesoma: hapa panafaa mtama, hapa pamechoka. Baada ya hapo nchi inashuka, na kabla ya Kilosa treni inaingia mahandaki. Chini bondeni, kando ya mto Mkondoa, unaiona reli ya zamani ambayo mafuriko yameibomoa mara nyingi. Mama aliipanda hiyo akiwa msichana, kwenda Morogoro. Alisema waliondoka jioni wakaona milima ya Uluguru asubuhi. Safari hii aliiona Uluguru kabla zabibu za mkononi hazijaisha. Morogoro hadi Dar nililala.

Stesheni tulichukua teksi ya mtandao, 14,000. Dereva, kijana mdogo, alimuuliza mama kama ni mara yake ya kwanza, kisha bila kuombwa akatupitisha Ocean Road na kupanda Daraja la Tanzanite. Pale gari linapita juu ya maji kwa kilomita nzima. Kusimama hairuhusiwi, alipunguza mwendo tu, na waliokuwa nyuma yetu wakapiga honi.

Mama alinyamaza mpaka mwisho wa daraja. Kisha akauliza, "Ng'ambo yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Dereva ndiye aliyejibu. "Mama, ng'ambo ni mbali. Majahazi ya zamani yalikwenda na upepo wa kusi, yakasubiri huko miezi, yakarudi na kaskazi."

"Kumbe na huku wanasubiri majira," mama akasema.

Tulifika saa 9 alasiri, aliyekuwa na ufunguo hakuwepo. Simu yake iliita bila kupokelewa, baadaye akasema yuko kwenye foleni. Tulikaa na mabegi nje ya geti saa mbili kasoro. Aliyetuokoa ni mlinzi wa jengo la jirani. Alitoka na kiti, akampa mama, akamletea maji kwenye jagi lenye kifuniko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Alisikiliza lafudhi, akatabasamu. "Mbukwa!" Yeye ni Mrangi wa Kondoa, ila aliwahi kufanya kazi Dodoma mjini na Kigogo cha salamu anakijua. Yuko Msasani miaka 18 sasa. Mama alifungua boksi la zabibu pale pale barabarani. Kuanzia hapo hatukuwa wageni tena.

Kwa atakayepanga apatimenti: uliza kabla ya kulipa kwamba LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni juu ya nani. Yetu iliisha saa 4 usiku, na ndipo tukaambiwa umeme ni juu ya mpangaji. Nilinunua wa 10,000, ukatutosha hadi mwisho kwa sababu hatukuwasha kiyoyozi. Maji ya kunywa nunua dumu kubwa siku ya kwanza.

Usiku huo mama hakulala vizuri. Alikuja kunigusa bega. "Kuna mtu anachunga ng'ombe hapa?" Nikasikiliza. Zilikuwa kamba za boti zikigonga milingoti ya alumini kwa upepo, ting, ting, kama kengele shingoni mwa ng'ombe wanaporudi zizini. Nilipomwambia ni boti alifungua dirisha zaidi, akalala.

Jumamosi, 6 Septemba

Saa 12 asubuhi boti zilikuwa juu ya maji. Saa 3:30 nilipotoka kuoga, mama alikuwa amesimama barazani ameshika kitenge kifuani. Maji hayakuwepo. Boti za mbali bado zilielea, lakini zote zilizofungwa karibu na ukuta zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope, na kinamama wenye ndoo walikuwa wanatembea kati yake wakiinama.

"Yamekwenda wapi?" aliniuliza. Hakuwa anashangaa kama mtoto. Ilikuwa ile sauti anayotumia mtambo wa maji wa kijiji unapokauka, anataka kujua nani anawajibika.

Tulishuka kwa jirani yetu Mrangi, akatueleza taratibu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kila siku saa zinasogea mbele, karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukipevuka maji huwa ya nguvu, yanajaa sana na kutoka sana, hayo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali, wanayaita maji mafu. Kesho mwezi unapevuka, alisema, kwa hiyo mtayaona yakifika mwisho wake pande zote mbili.

Mama alimkatiza. "Na kwa bamvua, hapa yanakauka saa ngapi?"

"Saa 4 hivi asubuhi, na saa 4 usiku. Saa 10 jioni yamejaa."

"Na mwezi ukiwa nusu?"

"Inageuka, mama. Saa 4 asubuhi ndiyo yanajaa."

Mimi nina shahada na sikufikiria kuuliza swali hilo la pili. Mama kalima kwa kuhesabu miezi miaka hamsini.

Kutoka gati hadi chini kuna ngazi za zege. Mwanangu alihesabu vipandio vilivyo wazi: 14. Aliandika kwa chaki ukutani, mlinzi akamruhusu.

Kisha mama akavua viatu, akashuka. Sikuweza kumzuia, nikamfuata na suruali nimeikunja. Tope la juu ni laini, chini yake kuna mchanga mgumu. Kinamama walikuwa wanaokota kombe, viumbe wa pwani wenye gamba, wakamwonyesha kitundu kidogo kinachorusha maji, dalili kwamba kuna kitu chini. Mbele yao mafundi wawili walikuwa wanafanya kazi kwenye mashua ya mbao iliyolala. Walisema wanasubiri bamvua mahsusi, maana ndipo mashua inakauka hadi tumboni. Mmoja alikuwa anatia kalafati: anachukua pamba, anaizungusha, anaigongea kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo, halafu inapakwa mafuta ya papa, wao wanayaita sifa. Harufu yake ni kali.

Mama alisimama karibu sana. Fundi mzee akaacha nyundo, akamwendea kijana wake akamnyang'anya kiti cha plastiki, akakisimika topeni. "Karibu mama, ukae uone vizuri." Hiyo ndiyo picha. Alikaa karibu saa nzima. Aliuliza pamba inatoka wapi, kwa nini isiwe katani, mashua ikipata maji kwanza inavimba au inavuja. Fundi alijibu yote, na nyundo haikusimama. Maji yaliporudi hayakuja na wimbi. Yalipanda tu kwenye miguu ya kiti. Fundi alimshika mama mkono, wakatoka pamoja.

Mchana tulikwenda kwa bajaji, 3,000, kwenye mnada wa samaki wa Msasani. Samaki wanauzwa kwa fungu. Changu watano 12,000, na kijana wa kupara 2,000. Msilipe bei ya kwanza, lakini kwa wapara samaki msipunguze, kazi yao mnaiona. Mama alipika changu wa nazi, mlenda, na ugali wa uwele kwenye sufuria nyembamba ya apatimenti aliyoilaumu hadi tunaondoka. Sahani moja ilikwenda kwa mlinzi, nyingine kwa mafundi. Fundi mzee hakuwahi kula ugali wa uwele. Alirudisha sahani imeoshwa, ndani yake ndimu sita.

Saa 10 jioni vipandio vilivyo wazi: 2. Upande huu wa rasi unatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama upande wa ghuba, jambo ambalo kwenye sehemu kubwa ya pwani yetu hulioni.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani asubuhi, mihogo ya Coco Beach mchana: ya kukaanga, pilipili na kachumbari, 2,000 sahani. Dafu 2,000. Magari ya kampeni yalipita na spika kubwa, hatukusikia hata ibada ya baharini tuliyoitaka, yaani mawimbi.

Jioni ndiyo nitaikumbuka. Redio zilikuwa zimetangaza kupatwa kwa mwezi. Mlinzi alituombea ruhusa ya kupanda juu ya paa la jengo letu, akabeba kile kiti chake hadi juu, kisha akatuaga: msikitini kuna swala ya kupatwa kwa mwezi na yeye hataikosa. Tulibaki watatu na familia moja ya ghorofa ya chini.

Saa 1:30 ukingo mmoja wa mwezi ukaanza kuliwa. Saa 2:30 wote ulikuwa mwekundu, rangi ya udongo wa kwetu ukilowa. Ulikaa hivyo zaidi ya saa nzima, mawingu membamba yakipita. Mwanangu alimweleza bibi yake kwamba dunia imesimama kati ya jua na mwezi na kivuli kinachoonekana ni chetu. Bibi akanyanyua mkono kuelekea juu, akaushusha polepole. Nadhani alikuwa anajaribu kuona kama kivuli cha mkono wake kitafika.

Na chini yetu maji yalikuwa yanatoka. Giza lile halikuwa la kawaida, taa za gati zilikuwa chache, na nyota zilikuwa zimetokea nyingi ghafla. Tulisikia boti kabla ya kuziona. Moja inagusa tope, inaguna, inalala. Kimya. Halafu nyingine. Kengele za milingoti zikapungua moja baada ya nyingine, kama zizini ng'ombe wanapolala.

"Zinalala," mama akasema kwa sauti ya chini.

Saa 4 kasoro mwanga mweupe ukarudi upande mmoja wa mwezi, ukamulika tope lote na boti zilivyojipanga. Nina picha nane za usiku ule na zote ni nyeusi. Sijazifuta.

Jumatatu, 8 Septemba

Kisiwa cha Bongoyo. Boti zinaondokea pale Slipway, jina lenyewe linatokana na enzi ambapo mahali hapo palikuwa karakana ya boti. Tulikata safari ya saa 3:30 asubuhi. Watatu, pamoja na kiingilio cha hifadhi, tulilipa 95,000. Beba kitambulisho, raia ana kiingilio chake. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na Bongoyo hakuna wakazi.

Kama mlisoma vizuri maelezo ya Jumamosi mnajua kilichotupata. Saa 3:30, siku moja baada ya mwezi mpevu, maji yako mbioni kwenda mwisho. Boti ilikuwa mbali, haiwezi kusogea kwenye ngazi. Mabaharia walikuwa wanawavusha wageni vijana kwa kutembea topeni hadi magotini. Mama angeweza, alitaka hata kujaribu, lakini nahodha alimwangalia akasema, "Mama, wewe nitakuja kukuchukua maji yakirudi. Tiketi yako ni ile ile." Hakutudai hata shilingi ya kubadilisha muda. Tulisubiri hadi saa 7 mchana.

Niseme wazi, maana hakuna aliyeniambia: ukiwa na mzee, mjamzito au mtoto mdogo, tazama mwezi kabla hujalipia nyumba ya kando ya gati. Karibu na mwezi mpevu au mwandamo, asubuhi yako Msasani ni ya tope na jioni ni ya maji. Wiki moja baadaye ni kinyume. Ukitaka kuona mafundi na kombe, njoo kwa bamvua. Ukitaka kupanda boti asubuhi bila kuvua viatu, njoo mwezi ukiwa nusu.

Safari ni kama nusu saa. Kusi lilikuwa bado na nguvu, tukalowa mabega. Mama alivaa jaketi la kujiokolea juu ya kitenge, ameshika ubao kwa mikono miwili, macho mbele. Hakutapika, mimi ndiye niliyetapika.

Kisiwani kitu cha kwanza alichokiona si ufukwe. "Mbuyu!" Ipo kweli, mibuyu imesimama juu ya mawe ya matumbawe, mizizi imeshika jiwe. Aliacha mchanga mweupe na mabanda ya makuti, akapanda njia ndogo kwenda kuigusa. Akapapasa gome, akaangalia juu kama kuna matunda. Wakati huo mwanangu alikuwa ndani ya maji na mmoja wa mabaharia, anafundishwa kuelea chali. Samaki wa kukaanga na chipsi, 20,000 sahani, ghali lakini kila kitu kinavushwa kwa boti.

Tulirudi saa 11 jioni. Boti ilikuja hadi ngazini, vipandio viwili tu vilikuwa wazi. Nahodha alimpa mama mkono, akapanda kama anayetoka kwenye daladala. Zabibu za mwisho zilikwenda kwake.

Jumanne, 9 Septemba

Tulitoka apatimenti saa 3 baada ya mama kupiga deki sakafu yote, ingawa nilimwambia usafi tumeshaulipia. Soko la Feri, kisha pantoni ya Kigamboni kwenda na kurudi kwa ajili ya mwanangu tu, 200 kwa mtu kila kuvuka. Foleni ya kurudi stesheni ilitula saa moja na nusu. Treni ya jioni.

Mama alikuwa na chupa ya nusu lita ya maji ya bahari, imefungwa na mfuko na uzi. Kwenye ukaguzi wa mizigo dada mmoja aliishika, akauliza ni nini. "Ni maji ya chumvi ya kuwaonjesha wenzangu Mpunguzi," mama akamjibu. Yule dada akaifunga upya vizuri zaidi ya tulivyoifunga sisi, akairudisha begini, akasema, "Usiilaze, mama."

Jumla yote, pamoja na treni kwenda na kurudi: 1,046,000.

Chupa imekwisha, kila jirani alipata kijiko. Mama sasa ananipigia simu karibu kila jioni, na baada ya kuulizana hali anauliza, "Saa hizi yamejaa au yametoka?" Mwanzoni nilikuwa naangalia kwenye simu. Siku hizi namtumia ujumbe mlinzi wetu wa Kondoa, halafu namsomea mama jibu lake. La jana lilikuwa hili: "Yanajaa, dada. Mashua ya fundi imeelea, haivuji. Msalimie mama."